Sampu ya kujitengenezea kwa tangi la matumbawe: viputo hivi vinatoka wapi?

#1 MkaziWaNtinda (Kampala)

Salaam kwenu wote. Ninajenga tangi la maji ya chumvi la kufugia matumbawe, na nimefika mahali ambapo ninahitaji macho ya watu wengine. Tangi la juu lina urefu wa sentimita 120, upana wa 50 na kimo cha 50, yaani lita 300 kabla ya kuweka mawe. Chini yake, ndani ya kabati, nimeunda sampu, yaani tangi dogo la chini la kusafishia maji, ya kioo cha milimita 6 yenye urefu wa sentimita 90, upana wa 40 na kimo cha 40. Imegawanywa vyumba vitatu: cha kwanza kinapokea maji yanayoshuka na ndimo skima (mashine ya kutoa uchafu kwa povu) itakamokaa, cha pili ni cha mwani, na cha tatu, chenye urefu wa sentimita 20 tu, kina pampu ya kurudisha maji juu. Kati ya chumba cha kwanza na cha pili kuna kuta tatu za kioo za kuzuia viputo, juu, chini, juu, zilizoachana kwa sentimita 2.5. Kati ya cha pili na cha tatu kuna ukuta mmoja tu wa kimo cha sentimita 22.

Nimeijaza kwa maji ya bomba ili kuijaribu. Haivuji, lakini tangi la juu limejaa viputo vidogo vidogo kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Pampu imeandikwa lita 3,000 kwa saa. Je, viputo hivi vinatoka wapi, na je, sampu hii itatosha umeme utakapokatika?

#2 FundiVioo (Katwe, Kampala)

Karibu, ndugu. Kwanza kioo: kwa kimo cha sentimita 40 na urefu wa 90, milimita 6 hazina tatizo. Hakikisha tu kwamba silikoni uliyotumia ni ile isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu ile ya kuzibia mabafu ina sumu inayodhuru viumbe wa majini.

Ama kuhusu viputo, jibu umeliandika mwenyewe bila kulitazama. Umeweka kuta tatu mahali pasipohitajika sana, kisha ukaacha maji yaruke ukuta wa mwisho na kuanguka ndani ya chumba cha pampu. Ukuta una sentimita 22. Kama maji ya chumba cha tatu yako chini ya hapo, una maporomoko ya maji kando ya mdomo wa pampu, na pampu inavuta kila kiputo kinachozaliwa pale. Hamisha kuta tatu ziwe kati ya mwani na pampu.

#3 Mwalimu_Jinja

Fundi amesema kweli kuhusu maporomoko, lakini hata ukihamisha kuta hizo huenda zisifanye kazi yake. Tufanye hesabu. Nafasi ya sentimita 2.5 kwa upana wa 40 ni sentimita 100 za mraba. Lita 3,000 kwa saa ni kama sentimita za ujazo 833 kwa sekunde, kwa hiyo maji yanapita hapo kwa kasi ya zaidi ya sentimita 8 kwa sekunde. Kiputo kikubwa hupanda haraka kuliko hivyo na kitaokoka, bali vile vidogo kabisa, ambavyo ndivyo unavyovilalamikia, hupanda polepole kuliko hivyo, na maji yanayoshuka yatavibeba hadi upande wa pili. Ongeza nafasi hadi sentimita 5 na kasi itapungua kwa nusu.

#4 Bomba_Mbale

Mwalimu, hesabu yako ni safi ila imeanza na namba isiyo sahihi. Lita 3,000 zilizoandikwa kwenye boksi ni za pampu isiyopandisha maji popote. Akipandisha mita moja na nusu kupitia viwiko viwili vitatu, namba hiyo inashuka sana. Tena kuna pampu zinazoandikwa kwa kipimo cha umeme wa Marekani wa mizunguko 60, ilhali wetu ni wa volti 240 na mizunguko 50. Mwenye uzi achukue ndoo na saa, apime maji yanayotoka juu kweli.

Mimi ninashuku mambo mawili ambayo hayajatajwa. La kwanza ni bomba la kushukia: kama limefunguliwa hewa kwa juu na mdomo wake wa chini unamwaga kutoka hewani, linapeleka hewa kwa ndoo nzima. Mdomo huo uzame sentimita 2 hadi 3 tu chini ya maji. Ukizama sana, hewa hukwama na bomba huanza kukohoa. La pili ni tundu la kukata sifoni kwenye bomba la kurudishia, yaani tundu dogo la kuingiza hewa ili pampu ikizimika maji ya juu yasinyonywe kushuka. Kama tundu hilo liko sawasawa na uso wa maji, maji yanayopita kwa kasi yanaweza kuvuta hewa kupitia hapo na kuimwaga moja kwa moja ndani ya tangi. Hapo utavunja sampu nzima na viputo vitabaki.

#5 MamaMatumbawe (Entebbe)

Ninyi wanaume mnataka mtu abomoe kioo kwa jaribio la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Tafadhali asivunje kitu bado.

Maji ya bomba hufika nyumbani yakiwa na shinikizo na hewa nyingi iliyoyeyuka ndani yake. Yakiingia tangini na kupata joto, hewa ile hutoka yenyewe, hata bila pampu, na unaiona imeganda juu ya kioo. Ayaache maji yazunguke kwa siku kadhaa kisha atazame tena. Jambo jingine ni kwamba viputo katika maji baridi huungana upesi na kuwa vikubwa, na katika maji ya chumvi hubaki vidogo, kwa hiyo jaribio hili halimwambii hali itakavyokuwa. Wala asijaribu skima sasa akaona haitoi povu akadhani ameuziwa mbovu, maana skima haifanyi kazi katika maji yasiyo na chumvi.

Mwisho, kioo kipya, bomba jipya na pampu mpya hushika viputo kwa wiki za mwanzo mpaka utando wa bakteria ujijenge juu yake.

#6 Nahodha_wa_Nchi_Kavu

Ninafuatilia kwa heshima kubwa nchi isiyo na bahari ikijadili bahari. Swali langu: kwa kuwa FundiVioo yuko Katwe, na chumvi iko Katwe, kwa nini mwenye uzi anunue chumvi ya kuagizwa kutoka nje?

#7 Mwalimu_Jinja

Nahodha, Katwe ya Fundi ni ya Kampala na yenye chumvi iko Kasese, lakini nitalijibu swali kwa sababu kuna watu watakaolichukua kwa dhati. Ziwa Katwe ni ziwa la kreta lisilo na mto unaotoka. Chumvi yake imechanganyika na kabonati na salfati nyingi, na kalisi ni kidogo mno. Matumbawe hujenga mifupa yake kwa kalisi, na katika tangi tunataka kama miligramu 400 hadi 450 kwa lita, pamoja na magnesi ya 1,250 hadi 1,350. Chumvi ya Katwe ni nzuri kwa chakula na kwa ng'ombe. Kwa tangi unahitaji chumvi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, gramu 35 hadi 38 kwa kila lita, upate uzito wa 1.025 au 1.026 ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi.

#8 Pwani_Kibokoni (Mombasa)

Shikamooni wakubwa. Huku kwetu tunachota maji ya bahari, lakini sidhani kama kuyasafirisha kilomita zaidi ya 1,000 kwa lori hadi Kampala kuna faida kwa mtu wa lita 300. Ninawaonea wivu kwa jambo moja: joto. Hapa tangi hufika digrii 30 kwa urahisi na tunalazimika kununua mashine za kupoza, ilhali matumbawe mengi hupenda 24 hadi 27, ambayo Kampala mnayapata bure kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mwenye uzi asiifunike sampu yote. Uso wa maji ulio wazi hupoza na kuingiza hewa.

Angalizo la pembeni: matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na mawe hai (mawe ya baharini yenye bakteria na viumbe) yana masharti yake pia. Msikubali mtu awavushie kwenye ndoo pale Malaba bila karatasi.

#9 MkaziWaNtinda (Kampala)

Ninawashukuru. Nimepima kama Bomba alivyosema: ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde 40, kwa hiyo ni lita 1,800 kwa saa, wala si 3,000. Bomba la kushukia limezama sentimita 3. Tundu la sifoni ni la milimita 3 na kweli liko sawa na uso wa maji. Maji katika chumba cha pampu yana kimo cha sentimita 16. Kuhusu umeme bado sijajibiwa.

#10 Mzee_wa_Samaki (Kololo)

Kijana wangu, swali la umeme ndilo lingetangulia. Watu wamezungumzia viputo kwa sababu vinaonekana, lakini viputo havijawahi kulowesha zulia.

Vyumba viwili vya kwanza vina urefu wa sentimita 70, upana 40 na maji ya kimo cha 22: hizo ni kama lita 62. Chumba cha pampu kina karibu lita 13. Jumla ni 75 katika chombo cha lita 144, kwa hiyo nafasi tupu ni lita 69 hadi ukingoni kabisa, na bado hujaweka skima wala mwani. Sasa umeme umekatika. Pampu imesimama, na bomba la kurudishia linageuka kuwa sifoni inayonyonya maji ya tangi la juu mpaka mdomo wake upate hewa. Ikiwa mdomo huo uko sentimita 10 chini ya uso wa maji, sentimita 120 mara 50 mara 10 ni lita 60. Ongeza kisanduku cha kumwagikia (kile cha juu kinachopokea maji kabla hayajashuka) na mabomba, tuseme lita 10. Umefika 70 na sakafu imelowa. Mdomo ukiwa sentimita 2 chini, maji yatakayoshuka ni lita 22 tu na utalala usingizi.

Ninaongeza jambo kwa sababu mnabishana kuhusu kasi. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Indonesia aliandika namna alivyofuga matumbawe kwa mawe hai na hewa tu. Mwaka 1986 makala za George Smit ziliwapa Wamarekani kichujio cha kudondosha maji juu ya mipira ya plastiki, na sampu ikapata umaarufu. Mipira ile ilihitaji maji mengi yapite, ndiyo maana utasikia watu wakisema tangi lizungushwe mara 10 kwa saa kupitia sampu. Kisha waligundua kwamba bakteria wa mipira hiyo hugeuza amonia kuwa naitreti na kuishia hapo, nayo naitreti ikalimbikizana. Leo mawe hufanya kazi hiyo ndani ya tangi lenyewe, na mara 3 hadi 5 inatosha. Wewe una mara 6. Ipunguze, na nusu ya mjadala huu itakufa.

#11 Bomba_Mbale

Mzee, ninaheshimu hesabu, ila kuna watakaosoma hapa wakakimbilia kununua valvu ya njia moja wakidhani imemaliza kazi ya sifoni. Konokono mmoja au punje ya mchanga ikikwama pale, valvu haifungi. Tundu na kimo cha mdomo ndivyo vya kutegemea. Kwa hiyo, mwenye uzi, usilizibe tundu lako hata likibainika kuwa ndilo linaloleta viputo. Lishushe sentimita moja chini ya maji, na ulisafishe kila unaposafisha kioo, kwa sababu mwani huliziba.

Kupunguza kasi sikubaliani nako moja kwa moja. Bomba la kushukia lenye hewa, maji yakiwa machache, hupiga kelele za kugugumia chumba kizima. Afadhali afanye mabomba mawili, moja lijae maji kabisa na kudhibitiwa kwa koki ya kuzungusha, jingine likae juu zaidi bila maji, la dharura.

#12 Masaka_Mvua

Ninauliza jambo dogo: badala ya maji ya bomba yenye klorini, kwa nini asikinge maji ya mvua? Masaka mvua haikosekani.

#13 MamaMatumbawe (Entebbe)

Ndugu wa Masaka, yanakingwa kutoka wapi? Kama ni kwenye mabati, mabati yamepakwa zinki, na zinki na shaba ni sumu kwa matumbawe, kamba na konokono hata kwa kiasi kidogo sana. Samaki watavumilia kisha utashangaa kwa nini kila kisicho na uti wa mgongo kinakufa. Nyumba ya vigae ni afadhali, baada ya kuacha mvua ya kwanza ioshe paa. Mimi ninachuja maji ya bomba kwa utando wa osmosisi na resini mpaka kipimo kisome sifuri, na ninakubali kwamba kwa kila lita moja safi ninamwaga tatu hadi nne, ambazo hapa nyumbani huoshea gari na kunyweshea migomba.

Sasa turudi kwenye chumba cha pampu, maana hakuna aliyetaja ukubwa wake. Maji yanayokauka tangi zima huonekana hapo tu, kwa sababu vyumba vingine vimeshikwa na kuta. Sentimita 20 kwa 40 maana yake kila sentimita ya kimo ni mililita 800. Tangi hili likipoteza lita 4 kwa siku, jambo la kawaida, chumba kinashuka sentimita 5 kwa siku. Kesho yake pampu inakunywa hewa. Arefushe chumba hicho hata kwa kukipunguza cha mwani, au aweke boya la kujazia maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi haikauki pamoja na maji. Akiweka dumu la lita 20 na boya likwame wazi, chumvi itashuka kutoka sehemu 35 hadi karibu 33 kwa kila elfu, jambo linalorekebishika. Akiunganisha boya moja kwa moja na bomba la nyumbani, hakuna wa kumsaidia.

#14 Mwalimu_Jinja

Mama amenikumbusha jambo la hewa. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni dogo kwa asilimia 13 hivi, kwa hiyo oksijeni inayoweza kuyeyuka katika maji nayo hupungua kwa kiwango hicho. Vitabu tunavyosoma viliandikwa na watu wa pwani. Kwetu, umeme ukikatika usiku, samaki wana muda mfupi kuliko vitabu vinavyosema. Na huenda hiyo pia ni sababu mojawapo ya viputo: maji yaliyofika na hewa nyingi hayawezi kuishikilia.

#15 MamaMatumbawe (Entebbe)

Upungufu wa oksijeni ninaukubali. Viputo kwa sababu ya kimo cha nchi, hapana. Maji yake yametoka katika mabomba ya Kampala hiyo hiyo, na tofauti ni shinikizo la bomba. Wala usiseme kimo kitashusha pH (kipimo cha uasidi wa maji), kwa sababu kaboni dioksidi nayo hupungua kwa kiwango kilekile. Usiku pH hushuka kwa kuwa mwani umelala, ndiyo maana taa ya chumba cha pili huwashwa usiku wakati ya juu imezimwa.

Betri, kwa maoni yangu, iendeshe pampu ya hewa au ya mawimbi ndani ya tangi la juu. Pampu ya kurudisha isubiri.

#16 FundiVioo (Katwe, Kampala)

Hapo ninapinga kama mtu anayeona matangi ya wateja. Sampu ikisimama saa nyingi, maji ya chumba cha mwani huoza, na umeme ukirudi yanamwagwa yote juu kwa samaki. Kuna pampu za volti 24 zinazokwenda moja kwa moja kwenye betri bila inveta. Anunue hiyo na aiendeshe polepole.

#17 MkaziWaNtinda (Kampala)

Nimefanya majaribio mawili leo. Nimelishusha tundu la sifoni chini ya maji, na sikuona badiliko la maana. Kisha nimeongeza maji mpaka chumba cha pampu kikawa sawa na ukuta wa mwisho, sentimita 22, na viputo vimepungua sana. Havijaisha. Nyaya zote nimezipinda zishuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone yasiifikie, kama jirani fundi umeme alivyoniagiza.

#18 FundiVioo (Katwe, Kampala)

Maporomoko yameondoka, viputo vimeondoka. Nilisema tangu mwanzo.

#19 Bomba_Mbale

Fundi, usijitangazie ushindi. Alipopandisha maji aliondoa maporomoko, na papo hapo aliongeza maji juu ya mdomo wa pampu, kwa hiyo kama ilikuwa inavuta hewa kwa kizunguzungu cha maji, hicho nacho kimekoma. Arudishe maji kwenye sentimita 16, kisha aegemeze kipande cha sponji kwenye ukuta ili maji yateremke bila kuanguka. Vikirudi, ni pampu.

#20 Mwalimu_Jinja

Na vilivyobaki ni vile vidogo vinavyopita kwenye nafasi ya sentimita 2.5. Kwa lita 1,800 kasi bado ni sentimita 5 kwa sekunde.

#21 MamaMatumbawe (Entebbe)

Au ni maji yale yale ya bomba ambayo sasa yamekwisha kutoa hewa yake, na yangepungua hata kama asingegusa kitu.

#22 Mzee_wa_Samaki (Kololo)

Wakati mnagombania viputo, kijana ameongeza karibu lita 5 katika sampu, na nafasi tupu sasa ni lita 64. Hajatuambia bado mdomo wa bomba la kurudishia uko sentimita ngapi chini ya maji.

#23 MkaziWaNtinda (Kampala)

Saba, Mzee. Lakini tundu liko sentimita moja.

#24 Bomba_Mbale

Tundu la milimita 3 kwa bomba la kipenyo gani? Kama ni la milimita 32, mimi ningetoboa mawili. Zima pampu leo usiku ukiwa umesimama hapo na taulo, utuambie maji yamesimama wapi.

#25 Nahodha_wa_Nchi_Kavu

Na upige picha ya zulia kabla na baada.